Omakase: Mlo wa sushi ambao mlaji humwachia mpishi uchaguzi

Katika ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo moja la ofisi katika eneo la Ginza, jijini Tokyo, umo mgahawa wenye viti 10 tu. Mlaji hapewi orodha ya vyakula ili achague. Huketi mbele ya kaunta ya mbao, hupewa kitambaa chenye unyevu cha kupangusia mikono, na mpishi aliyesimama upande wa pili, umbali wa mkono mmoja, huanza kumfinyangia matonge madogo ya wali yaliyofunikwa kwa minofu ya samaki. Tonge hutolewa moja baada ya jingine, kwa utaratibu anaoupanga mpishi mwenyewe.

Mgahawa huo ni Sukiyabashi Jiro, uliofunguliwa mwaka 1965 na Jiro Ono. Sifa zake zilivuka mipaka ya Japani Novemba 2007, pale kitabu cha Michelin kinachopanga migahawa kwa nyota kilipotoa toleo lake la kwanza la Tokyo na kuupa nyota 3, kiwango cha juu kabisa. Mwaka 2011 mtayarishaji filamu wa Marekani, David Gelb, alitoa filamu kuhusu mzee huyo na mwanawe Yoshikazu. Aprili 23, 2014, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani, Shinzo Abe, alimwalika hapo Rais wa Marekani wa wakati huo, Barack Obama, kwa chakula cha jioni.

Kwa kuwa mgahawa huo hutoa mlo wa aina hiyo pekee, hata wageni wa hadhi hiyo hupokea kile kilichopangwa na mpishi. Namna hiyo ya kula huitwa omakase, na leo imeenea kutoka Tokyo hadi New York, London, Singapore na Dubai. Hata hivyo, nyuma ya anasa inayoonekana kuna makubaliano ya zamani kati ya anayepika na anayekula, na makubaliano hayo sasa yamo katika majaribu.

Maana ya neno

Neno omakase linatokana na kitenzi cha Kijapani makaseru, chenye maana ya kukabidhi au kumwachia mtu jambo. Anayeketi mbele ya mpishi na kulitamka, anasema kwa ufupi: "Nakuachia wewe." Dhana ya Kiswahili iliyo karibu nalo ni ile ya amana. Mlaji huweka mikononi mwa mwenzake vitu vitatu kwa pamoja: hamu yake, afya yake na fedha zake. Mpishi naye hubeba wajibu wa kutomsaliti katika lolote kati ya hayo.

Kwa desturi, mteja wa sushi ana njia tatu za kuagiza. Ya kwanza ni okimari, yaani sahani yenye vipande vilivyokwisha kupangwa na bei yake kujulikana. Ya pili ni okonomi, ambapo mlaji hutaja kipande kimoja kimoja kadiri anavyopenda. Ya tatu ndiyo omakase.

Njia ya okonomi humtaka mlaji awe mjuzi. Sharti ajue ni samaki gani yuko katika msimu wake na yupi atangulie kuliwa. Aidha, katika migahawa mingi ya kaunta bei za samaki hazikuandikwa ukutani, ila neno moja tu, jika, lenye maana ya bei ya soko ya siku hiyo. Mgeni asiye na uzoefu aliweza kuagiza kwa furaha na kushtuka wakati wa kulipa. Omakase yenye bei iliyotangazwa kabla huondoa hofu hiyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya njia hiyo kutawala katika kaunta nyingi za hadhi ya juu.

Kutoka mtungi wa chachu hadi kibanda cha mtaani

Sushi haikuanza kama samaki mbichi, wala haikuanza kama chakula cha matajiri. Asili yake ni mbinu ya kuhifadhi samaki iliyoingia Japani kutoka bara la Asia. Samaki walitiwa chumvi, wakapangwa pamoja na wali uliopikwa, kisha wakafunikwa na kukandamizwa kwa miezi mingi. Wali uliochachuka ulitoa ukali uliozuia samaki kuoza. Wakati wa kula, samaki waliliwa na wali, uliokwisha kuwa uji, ukatupwa.

Mbinu hiyo haijatoweka. Katika mkoa wa Shiga, kandokando ya Ziwa Biwa, wenyeji wangali wakitengeneza funazushi kwa samaki wa maji baridi. Harufu yake kali humshangaza mgeni anayeifahamu sushi ya siku hizi pekee.

Mabadiliko makubwa yalitokea katika mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo. Wakazi wake, wengi wao wakiwa mafundi na vibarua, walihitaji chakula cha haraka. Badala ya kungoja wali uchachuke, wapishi waliutia siki na kupata ukali ule ule kwa dakika chache. Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeipa sushi ya kufinyanga umbo lake, katika miaka ya 1820, ni Hanaya Yohei, aliyefariki dunia mwaka 1858.

Siki yenyewe ina historia yake. Mwaka 1804, Nakano Matazaemon wa mji wa Handa alianza kutengeneza siki kutokana na machicha ya pombe ya mchele, ambayo yalibaki baada ya pombe kukamuliwa. Siki hiyo ilikuwa nafuu, yenye rangi ya wekundu wa kahawia na ladha nzito, ikawafaa wauza sushi wa Edo. Kampuni iliyotokana na kazi yake, Mizkan, ingali hai, na baadhi ya wapishi wa Tokyo wamerudia kutumia siki hiyo nyekundu.

Sushi ya enzi hiyo iliuzwa katika vibanda vya mitaani, kama wauza mishikaki na pweza wanavyowahudumia wapita njia jioni katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Mteja alisimama, akala matonge machache kwa mkono, akalipa na kwenda zake. Tonge moja lilikuwa kubwa, mara 2 au 3 ya lile la leo. Kaunta ya kisasa ni mrithi wa kibanda hicho: viti vimeongezwa, lakini muuzaji na mlaji wangali wakitazamana uso kwa uso.

Tetemeko, vita na mchele wa mteja

Septemba 1, 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo na Yokohama. Wapishi wengi waliopoteza vibanda na makazi walirejea mikoani kwao, na inaelezwa kuwa hapo ndipo sushi ya mtindo wa Edo iliposambaa nchini kote.

Pigo la pili lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kutokana na uhaba wa chakula, mwaka 1947 serikali ilitoa amri iliyozuia biashara ya migahawa. Wauza sushi wa Tokyo walipata njia ya kisheria ya kuendelea: hawakuuza chakula, bali walimtengenezea mteja mchele wake mwenyewe. Mteja alileta kikombe kimoja cha mchele, takribani gramu 150, akalipa ujira, akapewa matonge 10 ya sushi.

Mpango huo wa dharura uliacha alama ya kudumu. Ukubwa wa tonge ulipungua na kukaribia ule unaofahamika leo, na sushi ya kufinyanga ya Tokyo ikapata nguvu hata katika mikoa iliyokuwa na sushi za namna nyingine.

Baadaye sushi iligawanyika katika njia mbili. Mwaka 1958, Yoshiaki Shiraishi alifungua karibu na Osaka mgahawa ambao sahani zilizunguka mbele ya wateja juu ya mkanda unaotembea, na sushi ikawa tena chakula cha kila familia. Njia ya pili ilielekea kwenye kaunta ndogo, viti vichache na bei ya juu. Omakase ni zao la njia hiyo ya pili.

Mpangilio wa mlo

Mlo wa omakase huwa na matonge 12 hadi 20. Katika baadhi ya migahawa hutanguliwa na vitafunio vidogo, kama vile pweza aliyechemshwa au samaki aliyechomwa. Hakuna sheria moja ya mpangilio, lakini wapishi wengi huanza na ladha nyepesi na kuelekea nzito.

Mwanzo huwa samaki wenye nyama nyeupe, mathalani hirame, ambaye ni samaki bapa, au tai, anayefanana na changu. Hufuata ngisi na viumbe wa magamba kama chaza. Kisha huja kohada, samaki mdogo mwenye ngozi ya fedha aliyetiwa chumvi na siki. Wajuzi humtumia kohada kumpima mpishi, kwa kuwa samaki huyo ni wa bei ndogo na ladha yake yote hutegemea kipimo cha chumvi, siki na muda.

Katikati ya mlo hutolewa jodari, kwa kawaida katika hatua tatu: nyama nyekundu ya mgongoni, nyama yenye mafuta kiasi, na ile ya tumboni yenye mafuta mengi iitwayo otoro. Ni jambo la kustaajabisha kwamba katika enzi ya Edo nyama hiyo ya mafuta haikuthaminiwa, kwa kuwa iliharibika upesi kabla ya kuwapo kwa barafu na majokofu. Leo ndiyo inayotamaniwa kuliko zote.

Kuelekea mwisho huja kamba, mayai ya samaki samoni, sehemu ya ndani ya kiumbe wa baharini mwenye miiba iitwayo uni, na mkunga wa bahari aliyechemshwa hadi akalainika, kisha akapakwa mchuzi mtamu. Mlo hufungwa kwa sushi iliyoviringishwa ndani ya mwani uliokaushwa, supu ya soya iliyochachuliwa, na kipande cha mayai yaliyokaangwa kinachofanana na keki.

Kati ya tonge na tonge mlaji hula tangawizi iliyotiwa siki na kunywa chai ya kijani ya moto ili kusafisha kinywa.

Kazi isiyoonekana

Anayetazama mpishi akifinyanga tonge kwa sekunde chache aweza kudhani kwamba kazi ni hiyo tu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika kabla mlango haujafunguliwa.

Wali ndio msingi. Mchele wa Kijapani wenye punje fupi hupikwa, humwagwa katika beseni la mbao, hutiwa siki na chumvi, na kwa wengine sukari kidogo, kisha hugeuzwa kwa mwiko bapa huku ukipepewa. Hutakiwa kuliwa ukiwa na joto linalokaribia lile la mwili wa binadamu. Wali uliopoa sana hukakamaa, na wa moto sana humharibu samaki. Ndiyo maana tonge halitakiwi kusubiri.

Samaki naye hapelekwi mezani kama alivyotoka majini. Mvuvi hodari humuua mara moja kwa kumchoma ubongo na kumtoa damu, mbinu iitwayo ikejime, ili nyama isiharibike kwa mahangaiko. Mpishi kisha huamua nani aliwe siku hiyo na nani angojewe. Samaki wenye nyama nyeupe huweza kufungwa katika mwani mpana uitwao kombu ili wafyonze ladha yake. Jodari huweza kulowekwa katika mchuzi wa soya. Wapo wanaohifadhiwa kwa siku kadhaa katika ubaridi hadi nyama ikalainika na kukolea. Dhana kwamba sushi bora ni samaki aliyevuliwa asubuhi hiyo haina ukweli kwa kila samaki.

Pweza ni mfano mzuri. Wakazi wa pwani ya Tanzania na Kenya wanafahamu kwamba pweza asipopigwa huwa mgumu kama ngozi. Katika filamu ya mwaka 2011, wanagenzi wa Sukiyabashi Jiro wanaonekana wakimkanda pweza kwa mikono, kazi ambayo huchukua takribani dakika 40 hadi 50 kabla ya kumchemsha. Bahari ni mbili, tatizo ni moja.

Uanagenzi wenyewe ni mrefu. Wajapani wana msemo wa kazi hiyo unaotaja miaka 3 ya kupika wali na miaka 8 ya kufinyanga. Mwanagenzi huanza kwa kufagia, kuosha vyombo na kusafisha samaki, na huweza kupita miaka kabla ya kuruhusiwa kusimama mbele ya mteja. Utaratibu huo unapingwa na baadhi ya watu, nazo shule za sushi za Tokyo siku hizi hufundisha misingi kwa miezi michache. Hoja ya wapinzani ni kwamba miaka mingi ya kuosha vyombo si elimu. Hoja ya watetezi ni kwamba mkono hujifunza kwa kurudia, na jicho kwa kuona samaki wa kila msimu kwa miaka mingi.

Vilevile kaunta hizo zilikuwa, na kwa kiasi kikubwa zingali, uwanja wa wanaume. Ilidaiwa kwamba mikono ya wanawake ina joto mno kwa kazi hiyo, dai lisilo na msingi. Mwaka 2010 mgahawa uitwao Nadeshico ulifunguliwa katika eneo la Akihabara, Tokyo, ukihudumiwa na wanawake, na tangu hapo wengine wamejitokeza nyuma ya kaunta.

Adabu za kaunta

Kwa kuwa walaji ni wachache na wanakaa karibu, mwenendo wa mmoja huwagusa wote. Baadhi ya taratibu zifuatazo hazitangazwi, lakini hutarajiwa:

Kufika kwa wakati ni jambo la kwanza. Katika migahawa mingi walaji wote huanza pamoja, na mchelewaji huwachelewesha wengine.

Manukato makali hayafai, kwa kuwa harufu yake hufunika ile ya samaki na siki. Saa na pete kubwa huweza kukwaruza kaunta, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa ubao mmoja mrefu wa mti wa hinoki na hugharimu fedha nyingi.

Sushi huliwa kwa mkono au kwa vijiti, na hakuna kosa katika lolote. Tonge hutiwa kinywani lote kwa mara moja, tena mara tu linapowekwa. Katika omakase mpishi huwa amekwisha kupaka mchuzi na wasabi kwa kipimo alichokusudia, hivyo hakuna haja ya kuongeza. Pale ambapo mlaji huachiwa kuchovya mwenyewe, huchovya upande wa samaki, kwani wali hufyonza mchuzi kupita kiasi na kumeguka.

Picha hupigwa baada ya kuomba ruhusa. Bakshishi haitolewi nchini Japani. Mwishoni mlaji hushukuru kwa neno gochisosama, linalotamkwa baada ya kula.

Muhimu kuliko yote ni kwamba kumwachia mpishi uchaguzi si kunyamaza. Anayedhurika na kamba, asiyekula samaki fulani au mwenye sharti la dini hutakiwa kueleza wakati wa kuweka nafasi, si baada ya kuketi. Kwa Waislamu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mchuzi unaopakwa juu ya samaki mara nyingi huchanganywa na pombe ya mchele au kiungo chake kitamu kiitwacho mirin. Mpishi aliyearifiwa mapema huweza kutumia mchuzi mwingine au kusema wazi kwamba hawezi.

Usalama wa samaki mbichi

Hatari inayotajwa zaidi ni mdudu aitwaye anisakis, mnyoo mdogo anayeishi ndani ya samaki wa baharini na ambaye huweza kusababisha maumivu makali ya tumbo. Wizara ya Afya ya Japani inaeleza kwamba mnyoo huyo hufa iwapo samaki atagandishwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, au akipikwa vya kutosha. Siki, chumvi na wasabi kwa vipimo vya kawaida vya mapishi havimuui.

Ndiyo maana wapishi hutoa matumbo ya samaki mapema, hukagua mnofu kwa macho chini ya mwanga, na baadhi ya samaki huwagandisha. Jodari wengi wanaovuliwa mbali hugandishwa melini kwa ubaridi wa takribani nyuzi 60 chini ya sifuri. Wajawazito nchini humo hushauriwa kupunguza baadhi ya samaki wakubwa, akiwamo jodari, kutokana na zebaki iliyomo katika nyama yao.

Mlaji hawezi kuyakagua hayo akiwa kitini, na hapo ndipo maana ya amana inapodhihirika.

Bei, viti na wanaokosa kutokea

Katika kaunta mashuhuri za Ginza, mlo mmoja wa jioni huzidi yeni 30,000 kwa mtu mmoja. Chakula cha mchana hugharimu kidogo zaidi ya nusu, au hata chini ya hapo, na mitaani zipo kaunta za kawaida zenye omakase ya bei nafuu zaidi.

Gharama hizo zina sababu. Mpishi mwenye viti 10 hununua samaki kwa hesabu ya watu 10. Mmoja asipotokea, sehemu ya kumi ya kazi ya siku hiyo hupotea, na samaki aliyekwisha kukatwa hawezi kurudishwa sokoni. Ripoti iliyotolewa na Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda ya Japani mwaka 2018 ilikadiria kwamba wateja wanaoweka nafasi na kutotokea huitia hasara sekta nzima ya migahawa nchini humo ya takribani yeni bilioni 200 kwa mwaka.

Kwa sababu hiyo migahawa mingi hudai malipo kabla, au hupokea wageni wa kigeni kupitia hoteli walizofikia. Mingine imefunga mlango kwa yeyote asiyefahamika. Novemba 2019, Michelin iliuondoa Sukiyabashi Jiro katika kitabu chake, si kwa sababu kiwango kilishuka, bali kwa kuwa mgahawa huo haukuwa tena ukipokea nafasi kutoka kwa umma wa kawaida. Chakula kilichozaliwa mitaani kwa ajili ya vibarua kilikuwa kimefika mahali ambapo hata mwenye fedha hakuwa na uhakika wa kiti.

Bahari nayo ina neno

Amana ya mwisho haipo kati ya mpishi na mlaji pekee. Hadi katikati ya karne ya 20 kaunta ya Tokyo ililishwa zaidi na bahari iliyo karibu. Mwaka 1972 jodari kutoka Kanada walisafirishwa kwa ndege hadi Tokyo, na tangu hapo soko la sushi likawa la dunia nzima. Samaki aliyekuwa na thamani ndogo katika pwani ya Atlantiki akageuka kuwa dhahabu.

Soko kuu la samaki la Tokyo, lililokuwa Tsukiji, lilihamia Toyosu Oktoba 2018. Katika mnada wa kwanza wa mwaka uliofuata, Januari 5, 2019, jodari mmoja mwenye uzito wa kilo 278 aliuzwa kwa yeni milioni 333.6. Bei ya mnada huo wa mwaka mpya ni ya kujitangaza zaidi kuliko ya biashara, lakini inaonyesha jinsi macho ya wengi yanavyomlenga samaki mmoja.

Mwaka 2014 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka jodari mkubwa wa Pasifiki katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Nchi zinazomvua zilipunguza viwango vya uvuvi, hasa wa samaki wachanga, na matokeo yakaonekana: mwaka 2021 shirika hilo lilimpunguzia daraja la hatari, na kuanzia mwaka 2025 viwango vya kuvua jodari wakubwa viliongezwa. Kisa hicho kinathibitisha kwamba bahari hupona inapopewa nafasi, na kwamba hupungua upesi isipopewa.

Funzo hilo linaihusu pia Bahari ya Hindi, ambamo meli za nchi nyingi, zikiwamo za Asia na Ulaya, huvua jodari katika maji yaliyo mbali na pwani ya Afrika Mashariki.

Baadhi ya wapishi wameanza kumpunguza jodari katika mpangilio wao na kurudisha heshima ya samaki wadogo wa karibu kama kohada na vibua. Katika mlo wa kuchagua, mteja angeweza kudai otoro mara tano na mpishi akashindwa kumkatalia. Katika omakase mpishi ana mamlaka ya kusema kwamba leo samaki huyo hayupo, na mlaji, kwa kuwa alikwisha kumwachia, hupokea kilichopo.

Kinachobaki

Jiro Ono, aliyezaliwa mwaka 1925, alitimiza umri wa miaka 100 Oktoba 2025. Mtoto wake mkubwa, Yoshikazu, alikuwa amekwisha kusimama kwenye kaunta ya Ginza kwa miongo kadhaa. Wapishi wengi waliopita chini ya mikono ya wazee wa kizazi hicho wamefungua kaunta zao ndani na nje ya Japani. Mmoja wa wapishi waliobeba desturi za Ginza ng'ambo, Masa Takayama, alifungua mgahawa wake mjini New York mwaka 2004, na tangu hapo omakase imekuwa neno la kawaida katika miji mikubwa ya Marekani.

Kuenea huko kumeleta waigaji. Yapo maeneo ambako neno hilo hutumika kupandisha bei ya sahani iliyoandaliwa tangu asubuhi, au ambako mlaji hupewa dakika 45 na kuombwa kumpisha mwingine. Hapo kinachobaki ni jina tu.

Kipimo cha omakase ya kweli ni rahisi na hakihitaji nyota za kitabu chochote. Mpishi humtazama mlaji: akiona anatumia mkono wa kushoto, humwekea tonge upande huo, akiona anakula polepole, hupunguza mwendo, akiona ameshiba, hupunguza wali. Mlaji naye hufika kwa wakati, husema mapema asichoweza kula, na hula kinapowekwa. Palipo na mambo hayo mawili, hata kaunta ya viti 6 katika mtaa usio na jina hutimiza maana ya neno hilo. Palipokosekana moja, mlo huwa ni samaki, wali na bei kubwa.